PAMPU ISIYOLETA MAJI YA KUTOSHA

Mkulima aliyefunga pampu kando ya mto au kisima, akapandisha maji mpaka tangi lililo mlimani, na kutoka huko akayagawa kwa mabomba kwenda bustanini, kwenye birika la ng'ombe na nyumbani, amejipatia kitu cha thamani kubwa. Lakini hufika siku, na mara nyingi hufika wakati wa kiangazi, miche ya kabeji na nyanya ikiwa na kiu, ambapo tangi lililokuwa likijaa kwa asubuhi moja sasa halijai kutwa. Injini yanguruma kama desturi, mafuta yateketea kama desturi, na maji ni haba. Hapo maneno huanza. Wenye mashamba ya chini husema kwamba wa juu wameiba maji. Na kama pampu ni ya shirika, mwangalizi wake hudhaniwa kuwa auza mafuta. Mwisho watu huchanga fedha, hununua pampu mpya, huifunga mahali pale pale, na maji huwa yale yale, kwa sababu ila haikuwamo katika pampu.

Basi kabla hujalegeza skrubu hata moja, pima. Yatosha kuwa na pipa la lita 200 na saa ya mkononi. Pampu inayojaza pipa hilo kwa dakika 1 na sekunde 40 yatoa lita 2 kila sekunde. Ikichukua dakika 4, yatoa pungufu ya lita 1. Yafaa kipimo hiki kifanywe siku pampu ingali mpya na kuandikwa ukutani mwa kibanda chake, maana asiyejua ilikuwa ikitoa kiasi gani hawezi kujua imepungukiwa na nini.

Pima kwanza pale maji yamwagikapo tangini. Ukiona kipimo ni kile kile cha zamani, pampu haina hatia, nawe tafuta ila katika mabomba yashukayo kutoka tangini. Jioni funga koki zote, tia alama penye usawa wa maji tangini, na alfajiri utazame. Yakiwa yamepungua, kuna mahali yanapovuja ardhini. Pita juu ya njia ya bomba na kuangalia majani mabichi mahali ambapo kiangazi kingeyakausha.

Lakini ikiwa kipimo cha tangini kimepungua, zuia kwanza maji yaliyomo katika bomba la mlimani yasije yakakurudia kwa nguvu, kisha fungua bomba la kupeleka karibu na pampu, upime hapo kwa muda mfupi tu. Hapa maji hayana mlima wa kupanda, kwa hiyo yapasa kutoka mengi kuliko kule juu. Yakitoka kwa wingi, tatizo li katika bomba la kupeleka. Yakitoka kidogo hata hapa, tatizo li katika pampu yenyewe au upande wa kuvuta, na mara nyingi ni huo upande wa kuvuta. (Maneno haya yahusu pampu ya kuzunguka, iliyo na gurudumu la mapanga ndani yake. Pampu ya bastola ina mambo mengine.)

Sisi sote husema kwamba pampu yavuta maji. Kwa kweli pampu huondoa hewa tu bombani, na uzito wa hewa ya duniani, ukigandamiza maji ya kisima, ndio unaoyasukuma yapande. Jambo hili lilielezwa na Torricelli huko Italia mwaka 1643, baada ya watu kushangaa kwa nini pampu zao hazikuweza kuvuta maji kupita mita 10 hivi. Penye usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, uzito huo huweza kushikilia maji kiasi cha mita 10 na robo. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, mita 8 na nusu. Na Njombe, karibu mita 2,000, mita 8 tu. Tena hicho ni kipimo cha hesabu. Kwa kazi ya kila siku pwani usipite mita 7 kutoka maji mpaka pampu, na milimani mita 5. Kumbuka pia kwamba maji ya kisima hushuka wakati wa kiangazi, na hushuka zaidi pampu ikifanya kazi. Basi teremsha kamba yenye jiwe na kupima injini ikiwa inanguruma. Pampu iliyopitishiwa mpaka wake hutoa mlio kama kokoto zinazosagwa, na mlio huo ni wa kuharibika kwa mapanga ya gurudumu.

Katika visima virefu watu hushawishika kuiteremsha injini ya petroli au dizeli ndani, ili iyakaribie maji. USIFANYE HIVYO KAMWE. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na hukaa kisimani hata baada ya injini kuzimwa. Mtu ashukaye kuizima huanguka, na ndugu yake amfuataye kumwokoa huanguka juu yake. Ikiwa kisima ni kirefu, tumia pampu ya umeme ya kuzama majini, au uendelee na ndoo na kamba. Ukiwa mtoni, chonga kikao cha pampu chini zaidi ukingoni, nawe uwe tayari kuihamisha mvua zikija.

Ikiwa kimo ni halali, tafuta hewa inayoingia. Tundu la sindano katika bomba la kuvuta halitoi maji nje. Hunyonya hewa ndani, na kwa hiyo halionekani. Dalili yake ni maji kutoka kwa kukohoa-kohoa, au kuwa meupe kama maziwa kisha kutakata bombani mwa glasi. Paka povu la sabuni kila kiungo pampu ikifanya kazi. Panaponyonya povu ndipo penye tundu. Angalia pia pale shafti inapoingia katika pampu. Bomba la kuvuta lipande moja kwa moja mpaka pampuni. Likiwa na nundu katikati, hewa hujikusanya hapo na kuziba njia.

Kisha pandisha vali ya chini, ile iliyo mwishoni mwa bomba ndani ya maji. Majani, tope na mwani huziba kichungio chake, na kijiti kimoja chatosha kuizuia vali isifunge, hata ikabidi kuijaza pampu maji upya kila asubuhi. Irudishe izame kiasi cha nusu mita au zaidi, lakini isiguse tope.

Kuhusu bomba la kupeleka: tazama kama kuna koki iliyofungwa nusu, kutu ndani ya bomba la zamani, au hewa iliyonaswa penye nundu. Tena uliza kama mtu ametengeneza mahali palipopasuka kwa bomba jembamba zaidi. Bomba lenye nusu ya upana huyazuia maji yale yale kiasi cha mara 32 kuliko bomba kamili, kwa hiyo kipande kifupi chatosha kuharibu kazi yote.

Wengi husahau mwendo wa injini. Mwendo ukipungua sehemu moja katika kumi, kwa mkanda kuteleza au injini kuchoka, uwezo wa kupandisha hupungua karibu sehemu mbili katika kumi. Pampu ya kupandisha mita 30 huwa ya mita 24, na tangi lililo mita 25 juu halipati hata tone. Mota ya umeme yenye nyaya tatu ikifungwa kinyume huzunguka kinyume, na pampu hutoa maji kidogo. Linganisha na mshale uliochorwa juu yake, na nyaya mwachie fundi wa umeme.

Ukiisha kuyatazama haya yote na maji yangali haba, ndipo pampu ifunguliwe. Huenda mchanga umelila gurudumu, au takataka zimekwama katika mapanga yake. Umwitapo fundi, mpe kwa maandishi kimo kutoka maji mpaka pampu na kutoka pampu mpaka tangini, urefu na upana wa mabomba, na dakika zilizojaza pipa sasa na zamani.