Paka Dume au Paka Jike? Tujue Kabla ya Kumkaribisha Nyumbani

Katika nyumba zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe, paka si mgeni. Hutulindia nafaka na panya, na watoto hucheza naye barazani. Wala hapana ubaya kumweka. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akamweleza mke wa mwanawe, Bi Kabsha, kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi. Lakini mara nyingi twamchukua paka mchanga bila kuuliza ni dume au jike, na miezi michache baadaye yeye au wanawe hutupwa kando ya soko.

Kumtambua si kazi. Mwinue mkia: jike matundu yake mawili yamekaribiana, dume yameachana. Rangi nayo husaidia. Paka mwenye nyeusi, nyeupe na rangi ya chungwa kwa pamoja takriban daima ni jike. Wa rangi ya chungwa tupu aghalabu ni dume.

Dume akishapevuka, yapata miezi 6 na kuendelea, huanza kuzurura usiku, kupigana na mashume wa mtaani, na kurusha mkojo ukutani na kwenye mapazia ili kuweka mpaka wake. Mkojo huo una harufu kali, tena ni najisi. Ukiupata msala, iondolewe kwanza najisi yenyewe, kisha umiminiwe maji mpaka athari yake iishe. Tusitumie dawa zenye amonia, kwani harufu yake humvuta paka kurudia pale pale.

Jike hurusha mkojo kwa nadra, wala hatembei mbali sana. Mzigo wake ni uzazi. Aweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, naye machoni petu bado mtoto. Huibeba kwa wiki 9 hivi, na kwa kawaida huzaa watoto 3 hadi 5. Katika nchi za baridi majike hupumzika majira ya siku fupi. Kwetu pwani, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, basi jike huweza kuzaa wakati wowote.

Daktari wa mifugo aweza kumhasi dume au kumfunga jike uzazi. Hapa tuwe waangalifu: wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na baadhi ya wanachuoni wa zama hizi wameruhusu penye haja na pasipo madhara kwa mnyama. Kila familia imuulize sheikh wake kabla ya kwenda kwa daktari.

Basi tusiulize nani bora kati ya wawili hawa, bali mzigo upi twaweza kuubeba. Asiyevumilia harufu asichukue dume. Asiye na nafasi ya kulea vizazi asichukue jike. Tukumbuke habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kumtupa paka aliyezoea kulishwa mkononi mwetu hakuko mbali na hayo.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.