Thamani ya Mandhari na Umiliki wa Ardhi: Utalii na Uchumi wa Wenyeji katika Ukanda wa Kahendero na Kikorongo, Wilaya ya Kasese

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi utalii unavyobadili thamani ya ardhi na nyumba katika eneo linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Mfano mkuu ni kijiji cha wavuvi cha Kahendero, kilichomo ndani ya hifadhi, na miinuko ya Kikorongo iliyo nje ya mpaka wake. Hoja ya msingi ni kwamba bidhaa inayouzwa kwa mtalii ni mandhari, ilhali ardhi inapobadili mikono hupimwa kwa mazao. Kwa sababu hiyo, tofauti kati ya bei hizo mbili humwendea mnunuzi, na wanaobeba gharama za kuishi na wanyamapori hubaki bila mali inayopanda thamani. Makala yanapendekeza ukodishaji wenye mgawo wa mapato badala ya uuzaji wa moja kwa moja.

Maneno muhimu: ardhi, mandhari, utalii, umiliki wa kimila, ukodishaji, Kasese

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Mbarara kuelekea mjini Kasese huvuka Mfereji wa Kazinga pale Katunguru, kisha huvuka Ikweta karibu na Kikorongo. Hapo ndipo barabara ya kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe inapochepuka. Upande mmoja huonekana vilima vinavyopanda hadi Milima ya Rwenzori. Upande wa pili hulala tambarare ya hifadhi hadi Ziwa George. Kando ya ziwa hilo ndipo kilipo Kahendero, kimojawapo cha vijiji vya wavuvi vilivyoachwa ndani ya hifadhi, pamoja na Hamukungu, Kasenyi, Katunguru na Katwe.

Mtu mmoja akisimama kilimani Kikorongo na mwingine mwaloni Kahendero, wote wawili wamo katika mandhari moja. Hata hivyo, thamani ya mahali aliposimama kila mmoja ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo haitokani na udongo. Inatokana na sheria, mpaka wa hifadhi na aina ya haki aliyonayo kila mmoja juu ya kiwanja chake. Makala haya yanafafanua namna tofauti hiyo inavyojengeka na kwa nini inastahili kuzingatiwa na washauri wa sera.

2.0 Usuli: kutoka shaba hadi wanyamapori

Uchumi wa Kasese umewahi kuegemea nguzo moja. Reli iliufikia mji huo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mji ukakua kuzunguka kituo cha reli na nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, mahitaji ya nyumba, vibarua na bidhaa yalianguka pamoja nao. Funzo la kipindi hicho ni kwamba thamani ya nyumba huakisi afya ya shughuli inayolisha mji.

Sambamba na historia hiyo ya mgodi, ipo historia ya uhifadhi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la Queen Elizabeth mwaka 1954 kufuatia ziara ya Malkia wa Uingereza. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,978. Wavuvi hawakuondolewa wote. Vijiji vyao viliruhusiwa kuendelea, lakini kama makazi ya uvuvi yenye mipaka. Mwaka 1991 Milima ya Rwenzori nayo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hivyo, sehemu kubwa ya wilaya imebanwa kati ya hifadhi mbili, na ardhi iliyobaki kwa kilimo, makazi na biashara ni finyu. Ufinyu huo wenyewe hupandisha bei hata kabla mtalii hajafika.

3.0 Kanda tatu za ardhi, masoko matatu

Kwa madhumuni ya ufafanuzi, ardhi ya ukanda huu yaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni ardhi ya hifadhi yenyewe. Kifungu cha 237 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinatamka kuwa ardhi ni ya wananchi, lakini maziwa, mito, ardhi oevu na hifadhi za taifa hushikiliwa na serikali kwa amana, kwa manufaa ya wananchi wote. Ardhi hii haiuzwi. Loji iliyomo ndani ya hifadhi hufanya kazi kwa mkataba na mamlaka ya hifadhi, si na kijiji.

Kundi la pili ni ardhi ya vijiji vya ndani kama Kahendero. Hapa mtu anaweza kujenga nyumba, kuipangisha au kumwachia mwanawe. Lakini kilimo hakiruhusiwi ndani ya hifadhi, kijiji hakiwezi kupanuka kuvuka mipaka yake, na kipato hutegemea ziwa. Ziwa George ni dogo, takriban kilomita za mraba 250, na kina chake cha wastani ni kama mita 2.4 tu, idadi ya mitumbwi hudhibitiwa kwa leseni. Katika mazingira hayo, bei ya nyumba hufuata samaki. Msimu wa sato, kambale na kamongo ukiwa mzuri, vyumba hupata wapangaji. Samaki wakiadimika au udhibiti ukikazwa, wapangaji huondoka. Utalii unaopita kilomita chache kutoka hapo haugusi bei hiyo ila kwa nadra.

Kundi la tatu ni miinuko iliyo nje ya mpaka, ambako familia hushikilia ardhi hasa kwa mila. Mashamba haya ya mahindi, muhogo na pamba ndiyo yanayotazama hifadhi na ziwa kutoka juu, na ndiyo yanayotafutwa na wenye kujenga loji. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwenye shamba hufikiria bei kwa kipimo anachokijua, yaani mavuno. Mnunuzi hufikiria bei ya chumba kwa usiku mmoja, na chumba hicho hulipiwa kwa sababu ya kile kinachoonekana kutoka barazani. Muuzaji analipwa thamani ya udongo. Mnunuzi anachukua udongo pamoja na mandhari.

4.0 Nani hubeba gharama ya mandhari?

Mandhari hayajitengenezi. Tambarare hubaki wazi kwa kuwa watu wamezuiwa kulima. Wanyama wapo kwa kuwa watu wanavumilia kuishi nao. Mvuvi wa Kahendero huingia ziwani usiku akijua kuwa kiboko na mamba wamo. Mfugaji wa Hamukungu huweza kuamka akute ng'ombe ameliwa. Mwezi Aprili 2018, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji hicho. Tukio hilo lilihuzunisha wengi, na halina budi kulaaniwa. Lakini mtafiti analazimika pia kulisoma kama dalili ya mgawanyo mbaya wa faida na hasara. Simba yule yule ni hasara kwa mwenye zizi na ni mapato kwa mwenye loji.

Serikali imechukua hatua kadhaa. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurejeshwa kwa jamii jirani kupitia serikali za mitaa, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa madhara yanayosababishwa na wanyama. Hatua hizi zina uzito. Hata hivyo, mgawo wa asilimia 20 unahesabiwa kwa kiingilio cha getini, ilhali fedha nyingine za mgeni hulipwa kwa malazi, chakula na usafiri. Aidha, mgawo huo huja kama mradi wa umma. Haujengi mali ya kaya ambayo inaweza kurithishwa au kuwekwa dhamana.

5.0 Kwa nini kuuza si njia pekee

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inatoa nyenzo ambazo zingeweza kubadili hali hii. Inatambua umiliki wa kimila na kuruhusu mmiliki kupata cheti chake. Inaruhusu jamii kuunda chama cha ardhi ya pamoja. Inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya ardhi ya familia kuuzwa. Zaidi ya hayo, asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, bali hukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa maneno mengine, ukodishaji tayari ni njia ya kisheria. Kinachokosekana ni mazoea ya kuutumia kwa faida ya mwenyeji.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Loji yenye vyumba 10, kila kimoja kikilaliwa siku 150 kwa mwaka, huuza malazi 1,500. Iwapo mkataba wa ukodishaji utaipa familia dola 2 kwa kila usiku wa chumba, familia itapokea dola 3,000 kila mwaka, na bado ardhi ni yake. Kiasi hicho kitapanda pale loji itakapopanuka. Muuzaji wa moja kwa moja hupokea fedha mara moja, na mara nyingi hulazimika kununua kiwanja kingine katika wilaya ambayo ardhi yake tayari ni finyu.

Pingamizi lipo, nalo ni la haki: mapato ya utalii huyumba. Ebola iliingia Kasese kutoka Kongo mwezi Juni 2019. Janga la UVIKO-19 lilifuata mwaka 2020. Na mwezi Oktoba 2023 watalii wawili na kiongozi wao waliuawa ndani ya hifadhi. Nyakati kama hizo vyumba hubaki vitupu. Kwa sababu hiyo, mkataba unaofaa ni ule wenye kiwango cha chini kinacholipwa kila mwaka, pamoja na mgawo unaofuata idadi ya wageni. Kasese iliyowahi kuona mgodi ukinyamaza haina sababu ya kuegemea tena nguzo moja.

6.0 Ulinganisho mfupi: Zanzibar

Zanzibar inaonyesha kwamba ukodishaji peke yake hautoshi. Huko, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilifanywa mali ya umma, na mwekezaji wa hoteli hukodishwa na serikali. Ardhi haipotei kwa kuuzwa, lakini kodi ya pango huenda kwanza kwa dola, si kwa kijiji cha pwani kinachopoteza njia ya kwenda ufukweni. Swali la msingi, basi, ni nani anayetia saini kama mkodishaji. Uganda ina nafasi ambayo Zanzibar haina: mwenye ardhi ya kimila anaweza kutambuliwa kisheria kuwa mkodishaji.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na ufafanuzi huu, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, vyeti vya umiliki wa kimila vipewe kipaumbele katika miinuko inayotazama hifadhi, kabla soko halijaitangulia sheria. Pili, wilaya iandae mkataba wa mfano wa ukodishaji, kwa Lhukonzo na Kiswahili pamoja na Kiingereza, ili mwenye shamba auelewe anachotia saini. Tatu, sehemu ya kodi ya hoteli inayokusanywa na serikali za mitaa tangu mageuzi ya mwaka 2008 itengwe kwa ajili ya vijiji vya ndani, ambavyo havina ardhi ya kukodisha. Nne, hadhi ya viwanja vya Kahendero na vijiji vyenzake ifafanuliwe kwa maandishi, ili nyumba ya mvuvi iweze kuwa mali yenye thamani inayotambulika.

Pendekezo la tatu na la nne ndiyo magumu zaidi, na ndiyo yanayohitaji utafiti zaidi. Mwenye shamba la Kikorongo anaweza kusaidiwa na mkataba mzuri. Mkazi wa Kahendero hana cha kukodisha, ingawa kijiji chake ni sehemu ya mandhari yanayouzwa kilimani. Sera ya utalii isiyomwona mkazi huyo itaendelea kuhesabu wageni na mapato, huku ikiacha nje ya hesabu mtu anayeishi ndani ya picha.