Zilipendwa Mtandaoni: Video Zisizo na Picha

Nyimbo nyingi za zamani za Tanzania Bara zinazopatikana leo katika YouTube huitwa video kwa heshima tu, kwa kuwa ndani yake hakuna kinachotembea isipokuwa sauti. Anayefungua wimbo wa Mbaraka Mwinshehe au wa Marijani Rajab huonyeshwa picha moja ya mnato, aghalabu ile ile iliyokwisha kutumika katika video nyingine nyingi, au santuri inayozunguka taratibu, au hata machweo ya jua yasiyohusiana kwa lolote na bendi wala na wimbo, huku gitaa la solo na tarumbeta vikisikika pamoja na mkwaruzo wa sindano. Wanaopakia nyimbo hizo hawastahili lawama kwa umaskini huo wa picha, kwani chanzo chake ni historia ya utangazaji nchini, na historia hiyo ndiyo inayoamua hadi leo ni mwanamuziki gani wa zamani anayeweza kuonekana na ni yupi anayebaki kusikika peke yake.

Zilipendwa ni jina linalotumika kwa muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980, yaani muziki wa bendi zenye magitaa kadhaa, ala za kupuliza, tumba na safu ya waimbaji, uliopigwa kumbini na kurushwa redioni kabla ya Bongo Fleva kushika hatamu. Katika kipindi hicho chote Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliihesabu kuwa anasa isiyoendana na hali ya nchi, na matangazo ya kwanza, yaliyorushwa na vituo vya watu binafsi, yalianza mwaka 1994, wakati Mbaraka alikuwa ameshazikwa miaka 15 kabla na Marijani akiwa amebakiza takribani mwaka mmoja wa kuishi. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kenya ilianza mwaka 1962. Zaire nayo ilikuwa na televisheni ya taifa tangu mwaka 1966, na utawala wa Mobutu, ulioufanya muziki kuwa sehemu ya siasa zake, haukusita kuwaweka wanamuziki mbele ya kamera.

Ndiyo maana kijana wa Mwanza au Mbeya anayemtafuta Franco wa TP OK Jazz ya Zaire humwona akiwa hai kabisa: mwili mkubwa, gitaa kifuani, waimbaji wamejipanga mbele ya vipaza sauti, na wapiga ala wakitazamana wimbo unapokaribia kubadilika. Akimtafuta Mbaraka, aliyeiongoza Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, mtu aliyefika hadi Osaka nchini Japani mwaka 1970 kupiga muziki katika maonyesho ya dunia, hupata sauti na picha chache za mnato. Namna vidole vyake vilivyotembea juu ya nyuzi, jambo ambalo mpiga gitaa yeyote anayeanza angependa kulijua kabla ya mengine yote, ni vigumu kuiona popote. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyefanya makao yake Dar es Salaam, ameepuka hatima hiyo kwa sehemu, kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 alialikwa Ulaya katika matamasha ya WOMAD na kurekodi katika studio ya Real World, ambako kamera hazikuwa haba. Kwa ufupi, wanamuziki wa Bara wa kizazi kile waliopata bahati ya kuonekana ni wale waliosafiri wakakutana na kamera, au wale walioishi hadi televisheni ikawakuta wazee.

Si hasara tupu, hata hivyo. Video isiyo na cha kutazama humlazimisha mtu asikilize, na muziki wa dansi ulitungwa kwa ajili ya masikio ya watu waliokusanyika kwenye redio moja ya mtaa, ambao walimtambua mwimbaji kwa sauti na bendi kwa mtindo wake. Mtindo, katika lugha ya muziki huu, ni jina la mapigo na uchezaji ambao bendi iliutumia kama chapa yake: NUTA Jazz ilijulikana kwa Msondo, Western Jazz kwa Saboso, Atomic Jazz ya Tanga kwa Kiweke, Mlimani Park kwa Sikinde. Msikilizaji wa zamani hakuhitaji kuambiwa ni nani anayepiga.

Swali linalofuata ni sauti zenyewe zimetoka wapi, na jibu lake lina njia mbili ambazo sikio lililozoea huzitofautisha mapema. Njia ya kwanza ni Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyofahamika kwa kifupi cha RTD, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na studio iliyotegemewa na karibu bendi zote za Bara. Bendi ilipeleka mashairi yake yakaguliwe, kisha ikaingia studio na kupiga wimbo mzima kwa pamoja, waimbaji na wapiga ala mara moja, ukahifadhiwa katika kanda za sumaku zilizobaki kuwa mali ya redio. Kanda hizo hazikurekodiwa kwa ajili ya kuuzwa. Zilikusudiwa kurushwa hewani. Aliyeutaka wimbo aliuvizia kwa redio kaseti, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodia, na ndiyo sababu baadhi ya nyimbo zilizomo mtandaoni leo huanza neno la pili au la tatu la ubeti, au humalizika kwa sauti ya mtangazaji akiitaja bendi inayofuata.

Njia ya pili ni santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, hivyo bendi zilizotaka kuuza zilitegemea kampuni za Nairobi, na mkondo huo ulivurugika mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Santuri ya Nairobi iliyopendwa zaidi ilikuwa ile ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika, ambayo kila upande wake ulibeba dakika chache tu. Muziki wa dansi haukuzoea ufinyu huo. Wimbo huanza kwa mwendo wa pole, ambapo waimbaji husimulia kisa chote cha ndoa, deni au ulevi, kisha huingia sehemu ya pili iitwayo chemko, ambapo magitaa hukaza mwendo, ala za kupuliza hujibizana na wachezaji huachiwa uwanja. Kampuni zilitatua tatizo hilo kwa kuukata wimbo katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili, na sauti ikififishwa pale mkato ulipoangukia. Anayepakia wimbo wa aina hiyo leo hulazimika kuchagua kati ya kuziacha pande mbili kama video mbili na kuziunga, na katika nyingi zilizoungwa mtu husikia muziki ukizama kama unakwisha, kimya cha nukta moja, halafu gitaa lile lile likirudi na mkwaruzo mpya. Wapo waunganishaji hodari wanaoficha mshono huo hata usijulikane, na kazi yao inastahili sifa kubwa kuliko inayopata.

Mwendo wa mashine nao una makosa yake. Mkanda wa mpira wa kichezeshi ukilegea, au kaseti ikichezwa kwenye mashine isiyolingana na ile iliyorekodia, wimbo hupungua au huongezeka kasi, na sauti hushuka au hupanda pamoja nao. Kasoro ya asilimia sita hivi inatosha kuuhamisha wimbo kwa nusu toni nzima. Vijana wanaojifunza solo za zamani kupitia simu hulifahamu tatizo hili bila kuelezwa, kwa sababu gitaa lililotegeshwa sawasawa hukataa kuoana na wimbo mpaka walilegeze au walikaze nyuzi, na wimbo unaofuata wa bendi hiyo hiyo hudai litegeshwe upya. Wasiojua chanzo hudhani wazee walitegesha magitaa yao kwa namna ya ajabu.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa wa maktaba hii isiyo rasmi hauko katika sauti wala katika picha, bali katika majina. Bendi iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi kwa jina la NUTA Jazz iligeuka kuwa JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa OTTU Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa ni Msondo Ngoma, kila jina likifuata mabadiliko ya chama kilichoimiliki, isipokuwa la mwisho ambalo ni la mtindo wake. Wimbo mmoja wa bendi hiyo huweza kukutwa chini ya majina yote manne. Wanamuziki wenyewe nao walihama sana. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, alitoka katika bendi hiyo mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound katikati ya miaka ya 1980, kisha akarudi Msondo; Hassan Rehani Bitchuka naye ameimba katika JUWATA na katika Mlimani Park. Mpakiaji anayeitambua sauti ya Gurumo na kuandika jina la bendi kwa kukisia ana nafasi nzuri ya kukosea, na kosa lake husafiri haraka kuliko sahihisho, kwa kuwa wimbo ukishapakuliwa na kuingizwa katika makundi ya WhatsApp huachana na maelezo yake yote na kubaki faili lenye tarakimu.

Wimbo wa Malaika ndio mfano mkubwa kuliko yote. Fadhili William wa Kenya, aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kujulikana kwa muda mrefu kama mtunzi wake, ilhali wengine wakiwemo waliomtaja Adam Salim walidai ulitungwa kabla yake; Miriam Makeba akauchukua na kuufikisha duniani, na baada yake wakaja wengine wengi hadi Boney M. Mgogoro huo ulikuwepo kabla ya intaneti, lakini video zimeuzidisha, kwani kila anayepakia huandika mtunzi anayempenda, na kwa maelfu ya wasikilizaji wageni Malaika ni mali ya Makeba, basi.

Suala la jina lina upande wa fedha. YouTube hutumia mfumo wa kutambua sauti ambao hulinganisha kila kinachopakiwa na kumbukumbu zilizowasilishwa na wenye haki, ili mapato ya matangazo yaende kwao au video iondolewe. Mfumo huo unamtambua yule tu aliyejiandikisha, na katika muziki wa dansi mwenye haki si rahisi kumpata. Mpiga gitaa wa NUTA Jazz alikuwa mwajiriwa wa kulipwa mshahara, ala zikiwa za chama. Kanda zilikuwa za redio. Santuri zilikuwa za kampuni ya Nairobi ambayo huenda iliuzwa au kufungwa. Na mtunzi hakuwa na karatasi yoyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi wengi wangali na haki kisheria, lakini haki hiyo haiwezi kudaiwa mahali ambapo mtunzi hakutajwa au ametajwa mwingine. Kwa mtazamo huo, mpenzi wa muziki anayepakia wimbo bila idhini lakini akaandika kwa uangalifu bendi, mtunzi, mwimbaji na mwaka ameitendea familia ya marehemu wema kuliko anayejipatia mapato kwa mkusanyiko wa saa mbili wenye kichwa cha kuvutia na bila jina hata moja.

Taarabu ya pwani imekuwa na bahati kubwa kidogo kuliko dansi. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay tangu mwaka 1928, na baadhi ya santuri hizo zimefika mtandaoni. Mombasa ilikuwa na maduka yaliyotoa santuri na kaseti za akina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, na kaseti hizo zilivuka bahari pamoja na jamaa waliohamia Oman na Ghuba, ambako Kiswahili hakikukoma kusemwa majumbani. Kwa taarabu ya Unguja kuna hata picha zinazotembea, kwa sababu Zanzibar, kama ilivyokwisha kuelezwa, ilikuwa na televisheni mapema.

Bara, hazina iliyobaki ni kanda za RTD, ambazo sasa ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Kanda ya sumaku huchakaa hata ikikaa kabatini, hasa katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, na mashine za kuichezesha huzidi kuadimika. Umuhimu wake hauko katika wingi wa nyimbo pekee. Baadhi ya bendi zilirekodi wimbo mmoja mara mbili, kwanza RTD na baadaye Nairobi, na mapigo hayakuwa sawa: studio ya Nairobi ilidai wimbo utoshe katika santuri, ilhali ya redio haikuwa na haraka hiyo, na baina ya safari moja na nyingine mwimbaji aliweza kuwa ameshahama. Kilichojaa mtandaoni kwa wepesi zaidi ni cha Nairobi, kwa kuwa santuri ziliuzwa na kusambaa. Mzee wa miaka 70 wa Tabora anayepewa simu na mjukuu wake asikilize wimbo wa ujana wake, akasema kwamba huo si wenyewe, kwamba ule alioujua ulikuwa na saksafoni ndefu zaidi kabla ya chemko, huenda yuko sahihi kabisa, na ushahidi wake uko katika kanda ambayo haijapakiwa.