Mtoto Atamkumbuka Vipi Mama Yake?

Mama anapofariki, majirani huleta unga na kuni, hukesha na wafiwa, kisha matanga yakiisha kila mtu hurudi kwake. Mtoto mdogo hubaki na picha moja ukutani. Akikua ataanza kuuliza: Mama alicheka vipi? Aliugua nini? Kwa nini aliniita jina hili? Mara nyingi hakuna wa kumjibu.

Sisi wauguzi tuliyaona hayo sana katika miaka ya 1990, kabla dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazijawafikia wengi. Huko Uganda akina mama walitafuta njia. NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwafundisha wanachama wake kuandika vitabu vya kumbukumbu. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, aliwatembelea, akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 2003.

Chombo chenyewe ni daftari tu. Mama huandika siku aliyozaliwa mtoto, maana ya jina lake, magonjwa aliyougua utotoni, ukoo, na ndugu wa pande zote mbili. Hubandika picha. Asiyejua kuandika husimulia, mwenzake akaandika. Ukurasa mgumu ni ule wa afya ya mama mwenyewe. Lakini hapo ndipo wengi walipopata nguvu ya kumweleza mtoto ukweli, na kupanga naye ni nani atakayemlea.

Leo dawa zimewawezesha akina mama wengi kuishi na kuona wajukuu. Hata hivyo saratani, ajali na uzazi bado vinatuondolea wapendwa. Kwa hiyo, dada mpendwa, usingoje kuugua. Andika pia kama katika ukoo kuna kisukari, shinikizo la damu au selimundu. Siku moja daktari atamwuliza mwanao.

Na kama mama amekwisha kututoka? Tuandike sisi tuliobaki. Shangazi aandike aliloliona, bibi asimulie, jirani aongeze lake. Tusimfanye marehemu malaika. Tuseme kwamba alichelewa kila mahali, kwamba aliimba akipepeta mchele, kwamba alikasirika upesi na kusamehe upesi. Mtoto anamtafuta mama yake, si sifa za msibani.

Daftari litunzwe mahali pakavu, na nakala ikae kwa ndugu mwaminifu.