Kijana wa Turkana anataka kusomea animesheni: aanzie wapi?

Nimekaa Turkana wiki tatu kwa shughuli zangu za uandishi, kwanza Lodwar, kisha Kakuma. Nilijitayarisha kuzungumza juu ya ukame, mafuta ya Lokichar na mgao wa chakula kambini. Hayo yalikuwepo, lakini swali nililoulizwa mara nyingi na vijana lilikuwa jingine kabisa: "Ustadh, nikitaka kusomea animesheni chuo kikuu naanzia wapi? Na huo mwaka wa msingi tunaouona kwenye matangazo ya vyuo vya ng'ambo ni kitu gani?"

Ustadh waliniita kwa sababu ya kofia tu, kwani usomi wangu unaishia kwenye diploma. Lakini swali lao ni la maana, na najua vijana wa Kisauni, Malindi na Faza wanalo hilohilo. Basi nimeona nilijibu hapa kwa utaratibu, ili na wazazi walisome.

Kwanza, kazi yenyewe

Animesheni ni ile tunayoiita katuni za kwenye runinga: mchoro, kinyago cha udongo au umbo la kompyuta linalofanywa lionekane linatembea na kusema. Siri yake ni hesabu. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Hata ukichora mchoro mmoja kwa kila picha mbili, kama wengi wafanyavyo, dakika moja inakudai michoro 720. Anayedhani huu ni mchezo wa watoto ajaribu sekunde tano tu.

Mzazi atauliza, na ana haki: kuna ajira? Kuna kazi ambazo zimefanyika hapa kwetu. Mfululizo wa "Tinga Tinga Tales", ulioonyeshwa na BBC kuanzia 2010, ulichorwa na kuhuishwa Nairobi katika studio ya Homeboyz. "Ubongo Kids" hutengenezwa Dar es Salaam na umekuwa ukifunza watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu 2014. Mwaka 2023, katika mkusanyiko wa "Kizazi Moto" wa Disney, kulikuwa na filamu ya Mkenya Ng'endo Mukii, aliyesomea Royal College of Art ya London, na nyingine ya Mganda Raymond Malinga. Tena mtu wa animesheni hachori katuni peke yake. Matangazo ya biashara, vibonzo vya kampeni za afya, michezo ya simu, michoro ya wasanifu wa majengo, zote hizo zinahitaji mkono wake. Ajira si nyingi kama za ualimu, lakini zipo.

Liko pia swali nililoulizwa na baba mmoja Msomali kule Kakuma, na kwetu Pwani litaulizwa vilevile: dini inasemaje juu ya kuchora viumbe vyenye roho? Wanazuoni hawakukubaliana. Wako waliokataza kabisa, na wako walioruhusu kinachomfunza mtoto. Mimi si mufti. Mzazi mwenye shaka amwendee sheikh anayemwamini kabla ya kulipa karo, asije akamkatiza mtoto katikati ya safari.

Mwaka wa msingi ni nini?

Vyuo vikuu vingi vya Uingereza hutangaza digrii ya animesheni ya miaka minne, ambayo mwaka wake wa kwanza huitwa mwaka wa msingi. Ni mwaka wa matayarisho kwa mwanafunzi ambaye alama zake au mfumo wake wa masomo haumfikishi moja kwa moja kwenye mwaka wa kwanza wa digrii.

Kwa nini Mkenya aliyemaliza kidato cha nne hukutana nao? Wakubwa zetu walisoma mfumo wa 7-4-2-3: msingi miaka saba, sekondari minne, kisha kidato cha tano na cha sita, halafu chuo kikuu miaka mitatu. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Kidato cha sita kikafutwa, darasa lake la mwisho likafanya mtihani mwaka 1989, na digrii ikarefushwa kuwa miaka minne. Uingereza haikubadilika hivyo. Digrii yao ni ya miaka mitatu na inamtarajia mwanafunzi aliyepita kidato cha sita. Kwa hiyo mwenye KCSE akifika mlangoni huambiwa kuna pengo. Mwaka wa msingi ndio unaoliziba pengo hilo. Mtanzania au Mganda aliyemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri huenda asiuhitaji.

Katika animesheni, mwaka huo hutumika kufunza mambo ya mwanzo kabisa. Mwanafunzi huchora mwili wa mtu aliyesimama mbele yake, wiki baada ya wiki. Hujifunza jinsi vitu vya mbali vinavyopungua ukubwa, jinsi rangi zinavyosikilizana, na jinsi ya kupanga hadithi kwa michoro midogo ya mfuatano kabla ya kugusa kompyuta. Hujifunza uzito na mwendo: mpira wa ngozi haudundi kama jiwe, na mzee hainuki kitini kama mtoto. Huandika insha za kitaaluma pia. Mwishoni anakuwa na jalada la kazi zake, ambalo ndilo vyuo vya sanaa hulitazama kwanza.

Pesa na mtego wake

Lodwar nilikaa na mzee mmoja ambaye bintiye alipata C ya kawaida. Kwa alama hiyo hawezi kuingia digrii nchini, kwani digrii ni C+ kwenda juu. Wakala akamletea habari njema: Uingereza watamchukua kupitia mwaka wa msingi, leta malipo ya kwanza. Mzee alikuwa ameshahesabu mbuzi wa kuuza. Kwa Mturkana mbuzi ni benki, ni mahari na ni bima ya ukame, vyote kwa pamoja.

Nikamwomba tupige hesabu. Karo ya mwanafunzi wa kigeni huko kwa kawaida huzidi pauni 10,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Zidisha kwa miaka minne. Hapo hujalipa chumba, chakula, nauli wala viza. Na ili kupata viza lazima uonyeshe benki pesa za karo pamoja na za kuishi hadi miezi tisa, ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Hata ukoo mzima ukichanga, hazifiki."

Wakala hakusema uongo kuhusu mwaka wa msingi. Alichoficha ni bei ya miaka mitatu inayofuata. Mwanafunzi akiishiwa baada ya mwaka wa kwanza anarudi bila digrii, na mbuzi hawarudi.

Ikiwa familia ina uwezo, au kuna ufadhili wa kweli ulioandikwa, basi kabla ya kutuma hata shilingi muulize chuo chenyewe, si wakala, maswali haya:

- Nikifaulu mwaka wa msingi, naingia mwaka wa kwanza moja kwa moja au naomba upya?
- Alama gani inahitajika ili kuendelea?
- Nikiishia hapo, napewa cheti kinachotambulika?
- Masomo haya yanatolewa na chuo kikuu au na kampuni nyingine iliyokodi jina lake?
- Karo ya mwaka wa pili hadi wa nne ni kiasi gani, na hupanda?

Swali la sita liulizwe Nairobi, kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE: digrii hii, kwa mtu mwenye alama zangu za KCSE, nikirudi nayo itatambuliwa?

Ngazi ya nyumbani

Nchi yetu ina njia yake ya kuziba pengo hilohilo, ila haiiti mwaka wa msingi. Mwenye C- anaweza kuingia diploma. Mwenye D anaweza kuanzia cheti, kisha diploma. Aliyefaulu diploma anaweza kuomba digrii na masomo aliyokwisha kuyapita yakahesabiwa, kwa kadiri chuo kinavyokubali. Ni njia ndefu, lakini kila daraja lina cheti chake. Ukikwama mwaka wa pili, una kitu mkononi cha kuombea kazi. Nasema hivi kama mtu ambaye diploma ndiyo imemlisha miaka yote hii.

Digrii ya animesheni Lodwar haipo. Turkana University College, iliyoanzishwa 2017 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, imewaokoa wengi na safari ya kwenda Kakamega, lakini anayetaka fani hii atapita Kapenguria tu. Nairobi iko USIU-Africa kwa digrii, na ADMI kwa mafunzo ya kazi ya uchoraji huu. Zote mbili ni za kibinafsi na karo yake si ndogo. Kenyatta hufunza sanaa ya uchoraji na filamu, na humo pia mtu anaweza kuanzia. Kabla ya kukata tamaa, pitia orodha ya KUCCPS ya vyuo vya umma, kwa kuwa huko mkopo wa HELB huwezekana hata kwa diploma.

Wenye watoto wadogo nao wasikie. Darasa la 10 la kwanza la mtaala mpya limeanza Januari 2026, na limo na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto mwenye mkono wa kuchora asisukumwe kwenye mkondo mwingine kwa sababu jirani anasema sanaa ni ya walioshindwa. Uliza ni shule gani karibu nawe inayotoa mkondo huo kwa kweli, yenye mwalimu na vifaa.

Kwa aliye Kakuma

Kakuma ni kama kilomita 120 kutoka Lodwar, lakini kwa mkimbizi umbali ni mrefu zaidi, kwani hatoki bila kibali cha kusafiri. Mtoto aliyezaliwa kambini amesoma mtaala wa Kenya na kufanya KCSE ileile, kisha anakuta milango ina kufuli mbili.

Hata hivyo njia zipo. FilmAid imekuwa Kakuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikionyesha filamu usiku mahali pa wazi na kufunza vijana kuandika, kupiga na kuhariri filamu. Don Bosco wana chuo chao cha ufundi. Kwa digrii, ufadhili wa DAFI umekuwepo tangu 1992 kwa wakimbizi wanaosoma katika nchi iliyowapokea. Mpango wa WUSC wa Kanada ulianza 1978, na umewachukua wengi kutoka Kakuma na Dadaab. Ushindani ni mkali mno, na hakuna anayekuhakikishia fani uipendayo. Lakini hakuna wakala anayepaswa kukutoza pesa kwa haya.

Mkimbizi mmoja kutoka Kongo, anayesema Kiswahili kilichonifurahisha, alinionyesha kwenye simu filamu yake ya sekunde 40. Mama anabeba mtungi, foleni haisogei, kivuli chake kinatangulia kwenda bombani. Aliichora kwa kidole, kwa kuchaji simu kwenye sola ya jirani. Nilimuuliza imemchukua muda gani. "Miezi miwili, baba," akasema.

Msingi usio na karo

Yule kijana, bila kujua, ameshaanza mwaka wa msingi. Mengi yanayofunzwa mwaka ule hayahitaji London. Daftari la shule likichorwa kona ya kila ukurasa kisha likapeperushwa kwa kidole gumba ni animesheni tayari. Penseli moja inatosha kuchora ngamia akiinuka, mwanamke akisuka ukili, watu wakingoja matatu ya Kitale. Chora wanaotembea mbele yako kila siku kwa mwaka mmoja, weka tarehe, usitupe chochote. Hilo ndilo jalada.

Ukipata kompyuta, hata ya kushirikiana, programu ya Blender ni ya bure na halali. Si ya wanagenzi tu: filamu "Flow" ya Latvia ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya animesheni.

Na hadithi mnazo. Mifupa ya yule kijana wa kale wa Nariokotome, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko huko Turkana. Nani atamhuisha? Nimesoma mara nyingi katika maandishi ya wageni kwamba "Kakuma" ni Kiswahili, maana yake mahali pasipo popote. Sisi tuliozaliwa ndani ya Kiswahili hatulijui neno hilo. Lakini mkiwaachia wengine wawasimulie, ndiyo majina watakayowapa.

Binti wa yule mzee tulimwachia hivi: aombe diploma katika mzunguko ujao wa KUCCPS, na kila juma amtumie mwalimu wake wa zamani wa sanaa michoro kumi. Mbuzi wawili watauzwa kwa ajili ya kompyuta iliyotumika. Waliobaki wameachwa malishoni, wakingoja karo ya muhula wa kwanza.