Kabati la vyombo: Asishike msasa!

Bila shaka, mpenzi msomaji, sebuleni mwako mna kabati lenye vikombe ambavyo mtoto hathubutu kuvigusa mpaka aje mgeni. Wakulima wa Pennsylvania kule Marekani, wengi wao wa asili ya Kijerumani, walikuwa na desturi kama hiyo tangu karne ya 18. Ila kabati lao lilikaa jikoni, na leo wapenzi wa vitu vya kale hulinunua kwa maelfu ya dola.

Aghalabu seremala alilitengeneza kwa sehemu mbili. Chini ni droo na milango ya kufichia masufuria. Juu ni rafu za kuonyeshea sahani. Sehemu ya juu haikutokeza mbele kama ya chini, kwa hivyo palibaki ubao wa kuwekea chakula. Ukichungulia rafu zenyewe, utaona ufito uliopigiliwa ili sahani zisimame bila kuteleza, na ukingoni mapengo madogo madogo ya kuning'inizia vijiko. Mama wa nyumba hakuwa na haja ya kujigamba, mgeni alijionea.

Je, una jamaa huko ng'ambo anayetamani kabati hilo? Mwambie asishike msasa. Katika karne ya 20 wengi walikwangua rangi ya zamani ili mbao zing'are, wasijue kwamba walikuwa wakikwangua pesa zao wenyewe. Rangi ya kwanza, hata ikiwa imechakaa karibu na vishikio, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kabati.

Atazame pia misumari na skrubu. Skrubu za kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Huenda ni ukarabati tu, lakini na aulize.

Kuna hila nyingine ambayo wafanyabiashara huiita "ndoa", nayo haina posa wala mahari! Sehemu ya juu ya kabati moja huwekwa juu ya sehemu ya chini ya jingine. Kila nusu ni ya kale kweli, lakini hazikuzaliwa pamoja, na bei hushuka vibaya. Amwombe muuzaji alisogeze kabati kutoka ukutani, kisha alinganishe mbao za nyuma, juu na chini: rangi yake, upana na alama za msumeno. Muuzaji akikataa kulisogeza, jamaa yako na aage aende zake.