Koti la Blanketi

Jumapili moja ya baridi, huku kwetu milimani, mke wa mwalimu mmoja alikuja ibadani amevaa koti alilolinunua katika mitumba sokoni. Lilikuwa la sufu nzito, jekundu na jeusi, na mgongoni lina nakshi kubwa mfano wa nyota. Tulipotoka, vijana wakacheka, wakisema, "Mama Mwalimu ameondoka kitandani na blanketi lake!" Akasikia, akaona haya. Jioni akanijia, akasema, "Katekista, je, ni blanketi kweli?"

Nikamjibu, ni blanketi kweli, wala dhihaka ile si mpya.

Huko Marekani Wazungu walikuwa wakibadilishana na wenyeji wa asili mablanketi kwa ngozi za wanyama. Pengine ulikuwako uovu mkubwa: mwaka 1763, katika ngome ya Fort Pitt, wajumbe wa kabila la Delaware walipewa mablanketi mawili na kitambaa cha hariri vilivyotoka hospitali ya ndui, kusudi ugonjwa uwaingie. Hata hivyo wenyeji walilipenda blanketi la sufu, wakalifanya kuwa lao. Wakajitanda nalo, wakalitoa zawadi penye ndoa na azaliwapo mtoto. Na mtu wa kuheshimiwa huvikwa mabegani hata leo.

Mwaka 1909 ndugu wa ukoo wa Bishop walikifungua tena kiwanda cha sufu katika mji wa Pendleton, jimbo la Oregon, karibu na makao ya Waumatilla na Wacayuse, wakawafumia mablanketi yenye rangi kali na nakshi za pembe pembe. Mitambo yao ilifuata hila ya Jacquard, Mfaransa wa Lyon: kadi zenye matundu huuamuru kila uzi, huu upande, ule ushuke. Na nakshi huonekana pande zote mbili, rangi zikibadilishana mahali.

Lakini katika miaka ile ile blanketi lilihesabiwa kuwa aibu. Shule ya Carlisle, huko Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1879 na kufungwa mwaka 1918, iliwatwaa watoto mbali na wazazi, ikawakata nywele, ikawavua nguo za kwao. Zitkala-Ša, binti wa Yankton, alipelekwa shule nyingine ya namna hiyo, ya wamisionari wa Indiana, mwaka 1884. Na mwaka 1900 akaandika jinsi blanketi lake lilivyoondolewa mabegani. Mwanafunzi aliyerudi kwao akashika tena desturi za wazee, alisemwa kwamba "amelirudia blanketi," kana kwamba amepotea. Mimi nami ni mtoto wa shule ya misheni, na neno hilo lilinichoma, maana najua jinsi mtoto afundishwavyo kuionea haya nguo ya mama yake.

Na sasa blanketi lile lile hushonwa koti, likauzwa kwa bei kubwa madukani mwa miji yao, mabibi wakalivaa kwa fahari!

Mama Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua lishonwavyo. Blanketi la inchi 64 kwa 80 latosha koti fupi. Litandaze sakafuni, utafute kati ya nakshi, na hapo uweke uti wa mgongo, kama ufanyavyo kwa ua kubwa la kitenge. Vipande viwili vya mbele vikatwe hivi kwamba mistari ikutane unapofunga vifungo. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuogopa kupoteza nguo. Bitana si lazima: ukosi ukikunjwa huonyesha rangi za upande wa pili. Pindo litiwe utepe, sindano iwe nene, na pasi ipitishwe juu ya kitambaa chenye maji.

Akaniuliza, "Basi, nilikate lile nililopewa na mama mkwe siku ya arusi?"

Nikamwambia kwamba hata huko wako wasiokubali kamwe kulitia mkasi blanketi la heshima, na wako wanawake wa makabila yale wayashonao wenyewe makoti haya. Mimi siwezi kumwamulia.

Akaenda zake. Juma lililofuata nikamkuta sokoni, akipapasa mablanketi ya mitumba moja moja, amevaa koti lake.